Kidato cha Tisa Kutoka Juu

Mwanamume aliyejifunza ufundi kwenye simu ni hatari kuliko mwizi. Mwizi akiingia nyumbani kwako huchukua anachotaka akaenda zake. Hakuachii vumbi la mbao mpaka ndani ya sukari, na hakuambii umshukuru. Nasema haya nikiwa na akili zangu timamu, na shemeji yangu akiyasikia ajue nimekusudia ayasikie.

Shemeji ni kaka mkubwa wa mume wangu. Jumatatu hadi Ijumaa ni karani, anagonga mihuri kwenye ofisi yenye kiyoyozi. Jumamosi anageuka fundi. Anakuja kwetu na begi la zana lenye harufu ya dukani, drili ambayo bado anairudisha kwenye sanduku lake kila akimaliza, na pimamaji ya njano yenye urefu wa mkono, ile yenye kichupa cha kioo katikati na povu linalokwenda huku na huko kukuambia kitu kimelala sawa au kimeinama. Anaipenda hiyo pimamaji kuliko alivyowahi kupenda mtu. Anaiweka juu ya meza, juu ya rafu, juu ya fremu za milango. Siku moja aliiweka kwenye meza yangu ya cherehani nikiwa nashona, akaguna, akasema, "Shemeji, miaka yote hii umeshona ukiwa umeinama." Majirani walishampa jina. Akitokeza kona ya mtaa wanaambiana, "Pimamaji huyo. Leo ile nyumba itakiona cha mtema kuni."

Nyumba yenyewe ni ya mama mkwe. Marehemu baba mkwe aliinunua ikiwa tayari kuukuu, akaitibu miaka thelathini kwa chochote alichookota. Chini kuna chumba cha mbele ninaposhonea nguo za watu, na jiko nyuma. Juu kuna vyumba viwili na choo. Katikati ni ngazi ya mbao yenye vidato kumi na vinne. Hakuna kilichonyooka humo. Mlango wa chumba cha mama mkwe, juu ya ngazi, ulikuwa unalia ukiusukuma, mlio mrefu wa kukera, mpaka wateja wangu wanacheka. Bomba la jikoni lilidondosha mchana kutwa, tone, tone, ndani ya beseni la bati. Na kidato cha tisa, ukihesabu kutoka juu, kilikuwa kimepanda kuliko wenzake kwa vidole viwili na kuinamia upande, kwa sababu ubao wa awali ulipooza baba mkwe alipigilia kipande cha mlango wa zamani, akasema kitaisha chenyewe kwa kukanyagwa. Hakikuisha. Kila mgeni alijikwaa pale. Sisi wenyeji tulikizoea kama ulimi unavyozoea pengo la jino.

Macho ya mama tulijua hayako sawa. Alikwenda hospitali akarudi na dawa ya matone, akatuambia daktari kasema anaona kiasi. Tukaamini kiasi. Kila asubuhi alishuka mwenyewe, akachemsha chai, akaitia kwenye chupa, kisha akaja kukaa kwenye kiti karibu na cherehani yangu ili anikosoe vizuri. "Huo mguu wa cherehani umelegea," ataniambia, nami nikitazama, kweli umelegea. Mtu wa namna hiyo utasema haoni?

Mume wangu ni dereva wa malori ya safari ndefu. Nyumbani anaonekana kama mvua ya kiangazi. Kwa hiyo nyumba ilikuwa yangu na mama, na siku za Jumamosi, ya Pimamaji.

Jumamosi ya kwanza alibadilisha mpira wa bomba. Bomba likanyamaza, akalipiga picha. Jumamosi ya pili aliegemeza ngazi ya chuma ukutani kwa nje, akaziba kwa puti nyufa zote za dirisha la chumba cha mama, eti vumbi na kelele za barabarani. Jumamosi ya tatu akakigeukia kidato.

Mama alikuwa amesimama juu ya ngazi. "Hicho kiache," akasema.

"Mama, nafanya kwa ajili yako," shemeji akajibu, magoti chini, msumeno mkononi. "Hiki ndicho kitakachokuvunja mguu."

"Miaka yote hii kimemvunja nani?"

Hapo ndipo mimi nilipotia mdomo wangu, na mpaka leo natamani siku ile ungeshonwa. Nilikuwa nimejigonga kidole gumba cha mguu pale wiki hiyo hiyo. Nikasema, "Mama, mwache akitoe. Hata mimi kimenichosha." Mama aligeuka akarudi chumbani, na mlango ukajifunga nyuma yake bila sauti, maana mlango huo nao nilikuwa nimeshaunyamazisha mwenyewe siku mbili kabla, kwa matone manne ya mafuta ya cherehani kwenye bawaba. Nilijiona hodari.

Shemeji aliweka ubao mpya, akailaza pimamaji juu yake, povu likatulia katikati, akatabasamu kama aliyezaa. Kisha akapaka vanishi mti wote wa kushikia, juu mpaka chini. Aliondoka jioni akiacha nyuma ya nyumba rundo la taka zake: makopo, vumbi, kile kidato cha zamani na misumari yake. "Nitakuja kuviondoa," akasema, kama alivyosema Jumamosi zote. Nikaapa safari hii siokoti hata kijiti. Vioze pale avione.

Jumapili, giza bado halijaanza hata kufifia, nilisikia kishindo kilichonitoa kitandani.

Nilimkuta chini ya ngazi, ameketi sakafuni, gauni limepanda magotini, mkono wa kulia umeushika wa kushoto. Uso aliuelekeza ukutani. "Usipige kelele," akaniambia. "Majirani watadhani umenisukuma."

Nikatazama saa. Ilikuwa saa kumi alfajiri. "Mama, saa kumi! Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Kuchemsha chai."

"Chai ya nani saa kumi?"

Kiganja chake cha kulia kilikuwa na rangi ya kahawia, kimenata vanishi.

Mkono ulikuwa umevunjika juu kidogo ya kiganja. Hospitali walimfunga plasta kutoka vidoleni mpaka kiwiko. Shemeji alipofika nilimweleza kila kitu, na saa, na vanishi mkononi, nikingoja aone haya. Badala yake alipandisha sauti mbele ya wauguzi.

"Nilibandika karatasi! Juu ya ngazi, usawa wa macho, wino mwekundu: RANGI MBICHI, USISHIKE. Kubwa namna hii! Ameiona akapuuza. Uzee ukaidi." Kisha akashusha sauti, na ndipo nilipoogopa, kwa sababu shemeji akishusha sauti huwa ameshaamua. "Hawezi kuendelea kukaa kule. Jumamosi namhamishia kwangu. Ghorofa ya nne, lifti ipo, sakafu ya vigae, kila kitu kimenyooka. Akae atulie."

Nilimpigia mume wangu. Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu yake. "Kaka ameshasema," akaniambia. "Usigombane naye, mke wangu." Nilikata. Wanawake wengine wameolewa na wanaume, mimi nimeolewa na mnara wa simu. Na kwenye mambo ya mama yao mimi ni mkwe tu; sauti ya mkwe ni ya kuuliza nani anakunywa chai na nani anataka maji.

Hasira ile haikuwa na pa kwenda, kwa hiyo ilimwendea mama. Tulipofika nyumbani na yeye kulala, nilibandua ile karatasi ya shemeji ukutani, nikaitupa mezani kwangu. Baadaye nikaifuata, nikaikwapua, nikapanda nayo juu mbio, nikaiinua mbele ya uso wake.

"Hii hapa, mama! Herufi kubwa kama sahani. Hukuiona?"

Mama akainua kichwa kutoka kwenye mto. Akakunja macho, akaisogelea, akaipitia kutoka upande mmoja mpaka mwingine kama mtu anayesoma. "Niliiona," akasema. "Niliisoma yote. Nikapuuza. Sasa utanichapa?"

Nikaigeuza ili nimwonyeshe ule wino mwekundu. Karatasi ile haikuwa na herufi hata moja. Katika hasira zangu nilikuwa nimekwapua karatasi ya kahawia niliyokatia mkono wa gauni la mteja.

Nikakaa kitandani kwake.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu lini nini?"

"Nimekushikia karatasi ya mkono wa gauni. Haina maandishi."

Vidole vyake vya mkono mzima vilikuwa vinafuata mshono wa shuka, huku na huko.

"Miaka miwili sasa," akasema. "Lilianza kwenda jicho la kulia. La kushoto likalifuata. Daktari alisema lililokwenda limekwenda, matone ni ya kutuliza maumivu tu."

Miaka miwili! Nimekaa naye nyumba moja, tunakula sufuria moja, ananikosolea mshono, na sikujua. Nilijichukia pale kitandani kuliko nilivyomchukia shemeji, na shemeji nilimchukia sana. Nikamuuliza aliwezaje. Akacheka kwa pua.

"Nyumba ilikuwa inaniambia. Mlango ukilia, najua nikipiga hatua moja ngazi inaanza. Nahesabu nane, halafu kile cha marehemu mwenzangu kinapanda kunipokea mguu, najua zimebaki tano. Hata nikisahau hesabu, chenyewe kinanikumbusha. Nikifika chini, bomba linaniita jikoni. Mkaja mkainyamazisha nyumba yote." Akapumua. "Alfajiri nilishika mti, mkono ukanata, nikauondoa. Hesabu ikanipotea. Nikakitafuta kile cha tisa pale kilipokuwa siku zote, nikakanyaga hewa."

Mkaja, alisema. Wengi. Mafuta ya cherehani, matone manne.

"Kwa nini hukutuambia?"

"Nani angeniacha hapa?" Sasa alikuwa amekasirika na yeye. "Kule kwake mimi nimeshakwenda. Milango haina sauti, sakafu yote moja, ukuta wa huku kama ukuta wa kule. Nikipelekwa kule nitakaa nitakapowekwa. Watanishika mkono mpaka chooni, watamwita mtu aje anione nilivyotulia. Usimwambie. Niapie."

Nikaapa. Kisha nikashuka, nikampigia shemeji, kabla hasira haijapoa nikapata akili ya kuogopa.

"Shemeji, mama akishuka mwenyewe Jumamosi, bila kushikwa na mtu, akakumiminia chai jikoni, atabaki?"

Akacheka. "Na plasta ile? Akishuka mwenyewe, atabaki, chai nitakunywa na vikombe nitaviosha mimi."

"Umesema."

"Nimesema, shemeji. Nitakuja na begi la nguo zake hata hivyo."

Mimi ni mshonaji. Kushona ni raha. Kufumua ndiko kunakomtoa mtu machozi, kwa sababu lazima ufuate uzi wa mwingine na upumbavu wake mpaka ulipoanzia. Wiki ile nilifumua nyumba. Nilifunga cherehani, wateja nikawaambia naumwa, na sikuwa nadanganya sana.

Nilianza kwa seremala wa mtaa wetu, maana kidato si pindo la gauni. Aliposikia nataka ubao mzuri uliolala sawa ung'olewe, kirudishwe kibovu, kiwe kimepanda vidole viwili na kuinama, alinitazama kama mtu aliyeletewa kitambaa kipya akaambiwa akitoboe. "Dada, mimi nina jina hapa mtaani," akasema. Mwishowe alinipa patasi na mtaimbo mfupi, akanisihi nisitaje nilikovitoa.

Kile kidato cha zamani nilikikuta palepale nyuma ya nyumba, chini ya makopo, kimelowa umande lakini kizima. Kama ningekuwa mtu mwenye roho nzuri ningeshakifanya kuni. Inda yangu ndiyo iliyokihifadhi, na sioni haya kusema hivyo.

Shemeji alikuwa ametia skrubu kumi na mbili kwenye ubao mmoja. Kumi na mbili! Na gundi chini yake ambayo ingeweza kushikilia daraja. Nilivunja ubao ule vipande vipande siku nzima ya Jumatatu, na kila kipande kilichotoka nilikitajia jina lake. Nilijiponda kidole gumba kwa nyundo. Nilitukana matusi ambayo sikujua kuwa nayajua, na kutoka juu mama akasema, "Hilo la mwisho lirudie, sikulisikia vizuri."

Jumanne nilipigilia kile cha zamani. Mama akaja, akaketi kwenye kidato cha nane, akakipapasa cha tisa kwa unyayo, taratibu, kisigino halafu vidole.

"Bado. Umekiinamisha kulia."

"Mama, ulisema kushoto."

"Kushoto kwangu nikishuka. Wewe umekaa chini unanitazama usoni kama mpiga picha, kushoto kwako ni kwa nani?"

Nikang'oa tena. Misumari ile ya baba mkwe ilikuwa mirefu, imepinda, kila mmoja na ukaidi wake. "Miaka ishirini na saba nilimwambia akitoe kidude hiki," mama akaendelea huku akining'oa roho. "Kila siku. Nilimwita fundi wa uchochoroni. Hakunisikia hata siku moja, Mungu amrehemu. Sogeza kidogo. Kidogo, nimesema. Hapo. Hapohapo, usipumue."

Bomba halikunipa shida. Nilifunga maji, nikautoa ule mpira mpya, nikauchonga pengo kwa ncha ya mkasi wangu wa matundu ya vifungo, nikaurudisha. Lilidondosha vizuri, lakini mama akakataa. Sauti siyo. Nilikuwa nimeweka beseni la plastiki. Ikabidi nilitafute lile la bati. Bawaba za mlango nilizifuta mafuta kwa maji ya moto na sabuni, nikazipaka maji ya chumvi asubuhi na jioni, nikangoja kutu kama mkulima anayengoja mvua. Ijumaa, mlango ulilia. Kwanza kidogo, halafu ule mlio wenyewe wote, wa kukera, uliokuwa ukinitesa miaka minane. Nilisimama pale nikausukuma na kuuvuta, nikalia nao.

Lakini mama mwenyewe hakuwa amekubali. Alhamisi alikuwa amesimama juu ya ngazi, mkono mzima kwenye mti, akatoa mguu mbele, akaurudisha. Akautoa tena, akaurudisha.

"Siwezi," akasema. "Mwache anichukue."

Ningepaswa kumbembeleza. Nilimfokea. Nilimwambia sikuharibu vidole vyangu na kazi yangu ili yeye aje kuniambia siwezi, na kama anataka kwenda ghorofani akawe pambo la sebuleni aende, nitampangia nguo mwenyewe. Nilimfokea mama mkwe wangu, mimi, mkwe. Alinyooka mgongo. "Ondoka hapo mbele yangu," akasema kwa meno, "nisije nikakuangukia." Akashuka vidato vyote kumi na vinne ili aje kunitukana karibu.

Jumamosi shemeji alikuja na begi tupu la magurudumu mkono mmoja, begi la zana mkono mwingine. Nilimkalisha jikoni, pale penye kuonekana ngazi. Hakukaa hata dakika moja.

"Bomba limeanza tena?"

"Limeanza."

Mkono wake ukaenda kwenye begi wenyewe. "Kaa, shemeji," nikamwambia. "Kwanza chai."

Juu mlango ukalia. Shemeji akakunja uso. Mama akatokea, amevaa gauni lake la kijani nililomshonea, plasta imefungwa kifuani kwa kitambaa. Nikamsikia akishuka, na mimi kimoyomoyo nikahesabu naye. Alipofika cha tisa aliweka mguu, akatua juu yake kidogo, kisha akamalizia vitano kama mtu anayeshuka kwenda sokoni. Chini alielekeza sikio kwenye tone. Akaja moja kwa moja. Akashika rafu, akachukua kikombe, akachukua chupa ya chai niliyoiacha mahali pake. Akakunja kidole kwenye ukingo wa kikombe, akamimina mpaka chai ikakigusa. Shemeji akakohoa, na mama akaweka kikombe mbele ya kikohozi hicho bila kumwaga hata tone.

"Kunywa," akasema.

Nilitaka kupiga vigelegele. Lakini shemeji hakuwa akitazama kikombe. Alikuwa akitazama ngazi. Aliinuka, akaenda, akapiga magoti, akalaza pimamaji juu ya kidato cha tisa. Povu likakimbilia upande mmoja likakwama huko.

"Nani amerudisha takataka hii?" Akanigeukia. "Ni wewe? Umeona kilichotokea Jumapili na bado ukarudisha? Shemeji, unataka kumuua mama yangu?"

Nilikuwa nimeapa. Niliung'ata ulimi mpaka nikaonja damu, na nasema kweli, katika maisha yangu sijawahi kuwa na maneno mengi kiasi kile na ruhusa ndogo kiasi kile. Akalivuta begi la zana. Akatoa mtaimbo.

"Ukikigusa," mama akasema kutoka jikoni, "ndio utakuwa umeniua."

"Mama, kimeinama!"

"Najua kilivyoinama. Huyu mwenzangu amekirudisha kwa sababu nilimwomba. Mimi sioni, mwanangu. Wewe mwenyewe uso wako nimeuona mara ya mwisho miaka miwili iliyopita, ulikuwa na ndevu, zilikuwa hazikupendezi."

Shemeji aligusa kidevu chake. Hakikuwa na ndevu. Alikaa polepole pale pale alipokuwa, juu ya kidato cha tisa, mtaimbo mkononi.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungenirekebisha."

Bomba lilidondosha. Shemeji alifungua mdomo mara mbili, na mara ya pili ikatoka sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Lakini mama, kama huoni kabisa..."

"Nimeshuka au sikushuka?"

"Umeshuka."

"Nani kanishika?"

"Hakuna."

"Chai imemwagika?"

"Haikumwagika."

"Basi vikombe ni vyako."

Aliinamisha kichwa. Alikaa hivyo mpaka nikadhani analia, na kama alilia sikumwonea huruma, bado. Kisha akauliza, bila kuinua uso, "Kuna kingine nilichoharibu?"

Mimi nilikuwa na orodha ndefu kuliko futi yangu ya kitambaa. Mama akanitangulia.

"Dirisha langu," akasema. "Lilikuwa na ufa upande wa kitanda. Alfajiri baridi ilikuwa inapita pale inanigusa shavu, halafu namsikia mwenye maziwa na chupa zake, halafu yule wa magazeti anafungua kibanda. Ndivyo nilivyokuwa najua kumekucha. Tangu ulizibe, naamka nasikiliza, kimya. Sijui ni usiku au ni mchana. Jumapili ile nilichoka kulala nikiwa macho. Nikasema bila shaka kumekucha."

Saa kumi alfajiri. Shemeji alinitazama, nami nikamtazama, kwa sababu saa hiyo nilimtajia mwenyewe hospitali na yeye akanijibu habari za karatasi.

"Mama," nikasema, "wiki nzima hii, mbona mimi hukuniambia la dirisha?"

"Lile huzibuliwa kwa nje, juu ya ngazi ya chuma. Ungepanda na hizo hasira zako, ukavunjika shingo. Sanda yangu angeshona nani?"

Shemeji aliinuka. Pimamaji aliiacha kwenye ngazi, ikiwa imelala upande. Akachagua patasi, akatoka nje, akaegemeza ngazi ya chuma ukutani, akapanda. Nikaenda kumshikia miguu ya ngazi, si kwa upendo. Sikutaka wawili wavunjike kwa dirisha moja. Puti yake ilikuwa imekauka ikawa jiwe. Aligonga, ikadondoka vipande vipande kichwani kwangu, kwenye nywele, kwenye shingo ya gauni, na kila kipande kilinikasirisha upya.

Mama alikuwa ameshapanda chumbani. Tulimsikia akija mpaka dirishani, akaweka shavu kwenye fremu.

"Imepita?" shemeji akauliza.

"Baridi imepita. Mtaa bado siusikii. Zidisha."

Akazidisha. Jikoni vikombe vilikuwa vinamsubiri.